Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Vitabu vya Somo la Kompyuta

YAH: SURA YA HISTORIA YA KOMPYUTA NA HAKI YA WAASISI WAKE

Waheshimiwa wasimamizi wa mitaala, wahariri na wachapishaji,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni walimu wa somo la kompyuta katika shule za sekondari. Tumeshawaandikia kwa utaratibu wa kawaida, kupitia kwa wakuu wetu wa shule, tukajibiwa kwamba maoni yetu yamepokelewa na yatafanyiwa kazi. Chapa mpya imetoka na makosa ni yale yale, hadi nukta na mkato. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani.

Tunazungumzia sura moja tu, ile ya historia ya kompyuta. Ni sura inayosomwa na kila mwanafunzi, hata wa shule ambayo haijawahi kuwa na kompyuta hata moja, kwa sababu haihitaji umeme wala maabara. Sura hiyo inataja watu wanne watano, inawapa baadhi yao sifa za kazi za wenzao, na kazi yenyewe haielezi. Hatuombi sanamu wala siku ya kumbukumbu. Tunataka kila mtu aandikwe kwa alichokifanya, na mwanafunzi aoneshwe kilifanyikaje. Hoja zetu ni hizi.

1. "Baba wa kompyuta"

Kitabu kinasema Charles Babbage alitengeneza kompyuta ya kwanza. Hakuitengeneza. Serikali ya Uingereza ilimpa zaidi ya pauni 17,000 kwa mashine yake ya kukokotoa majedwali, kazi ikasimama mwaka 1833 baada ya mgogoro na fundi wake, Joseph Clement, na mwaka 1842 serikali ikajitoa kabisa. Mashine yake kubwa zaidi, ile ya uchambuzi, ilibaki kwenye michoro mpaka anafariki.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Michoro ya Babbage ilikuwa sahihi. Jumba la makumbusho la Science Museum la London lilijenga moja ya mashine zake kwa kufuata michoro hiyo, sehemu ya hesabu ikakamilika mwaka 1991 ikiwa na vipande karibu 4,000 vya chuma na shaba, na inafanya kazi. Kikubwa alichofikiri ni kutenganisha sehemu mbili za mashine: ghala la kuwekea namba na kinu cha kuzikokotoa. Hilo ndilo la kumfundisha mtoto, maana kompyuta iliyopo ofisini kwa mkuu wa shule bado imegawanyika hivyo hivyo. Kwenye kitabu halipo. Ipo picha ya Babbage.

Ada Lovelace naye amepewa picha na mstari mmoja. Mwaka 1843 alitafsiri kutoka Kifaransa makala ya Luigi Menabrea kuhusu mashine ya Babbage, akaongeza maelezo saba, A hadi G, marefu kuliko makala yenyewe. Katika maelezo ya G kuna jedwali la hatua kwa hatua la kukokotoa namba za Bernoulli, mfuatano maalumu wa namba katika hisabati. Aliandika pia kwamba mashine ya aina hiyo ingeweza kushughulikia vitu visivyo namba, kwa mfano muziki, iwapo uhusiano wake utawekwa katika kanuni. Mwaka 1843! Sentensi hiyo ina uzito kuliko cheo chochote cha "mwanamke wa kwanza".

2. Mambo ya vita yamechanganywa

Hapa ndipo kitabu kilipoharibikiwa zaidi. Kinasema: "Alan Turing alitengeneza Colossus iliyovunja msimbo wa Enigma." Sentensi moja, makosa mawili.

Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandikia ujumbe wa siri, ilifumbuliwa kwanza na Wapoland. Marian Rejewski aliibaini mpangilio wake wa ndani mwishoni mwa 1932, akafanya kazi hiyo pamoja na Jerzy Różycki na Henryk Zygalski. Julai 1939, wiki chache kabla nchi yao haijavamiwa, Wapoland waliwakabidhi Waingereza na Wafaransa siri hiyo karibu na Warsaw. Turing na Gordon Welchman ndipo wakabuni mashine ya Bombe kwa ajili ya Enigma iliyokuwa imeboreshwa na Wajerumani, na Harold Keen akaiunda kiwandani Letchworth. Bombe haikuwa kompyuta. Ilikuwa mashine ya magurudumu na nyaya ya kuondoa mipangilio isiyowezekana.

Colossus ni jambo jingine kabisa. Ililenga msimbo wa mashine ya Lorenz, yenye magurudumu 12, uliotumiwa na makamanda wakuu wa Ujerumani. Agosti 1941 mtumaji mmoja alirudia ujumbe mrefu kwa mpangilio ule ule wa mashine huku akifupisha maneno. Kutokana na kosa hilo John Tiltman alipata mfuatano wa herufi za siri, na kijana Bill Tutte akabaini mashine nzima ilivyoundwa bila kuwahi kuiona.

Mashine ya kwanza ya kusaidia kazi hiyo ilitumia tepe mbili za karatasi zilizotakiwa kwenda sambamba kwa kasi kubwa. Karatasi ilivutika, ikachanika, tepe zikapishana, na hesabu yote ikawa bure. Tommy Flowers, mhandisi wa simu wa Posta ya Uingereza, alisema tepe moja iondolewe kabisa na nafasi yake ichukuliwe na saketi za vali, zile taa za kioo zilizokuwamo kwenye redio za wazee wetu. Wakubwa hawakuamini. Vali huungua, walisema, na mashine yenye vali zaidi ya elfu moja haitatulia hata siku moja.

Flowers alijua wasichokijua kutokana na kazi yake ya mitambo ya simu: vali huharibika zaidi wakati wa kuwashwa na kuzimwa, kwa sababu uzi wake wa moto hupanuka na kusinyaa. Ukiiwasha ukaiacha, hudumu. Colossus ya kwanza ilifika Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kufumbua misimbo, Januari 1944 ikiwa na vali zipatazo 1,600, ikasoma tepe kwa herufi 5,000 kwa sekunde. Kufikia mwisho wa vita zilikuwapo mashine kumi zinazofanya kazi, zikiendeshwa na wasichana wa jeshi la wanamaji. Baada ya vita nyingi zilivunjwavunjwa, Flowers akaapishwa asiseme, akapewa pauni 1,000 ambazo hazikurudisha hata fedha zake alizotumia. Dunia ilikuja kusikia habari zake miaka ya 1970.

Sasa turudi kwenye kitabu chenu. Kinasema udhaifu wa kompyuta za mwanzo ni kwamba "vali ziliungua mara kwa mara". Kwa maneno mengine, kinamfundisha mtoto hoja ile ile waliyokuwa nayo waliompinga Flowers, na jina la Flowers halimo.

Turing mwenyewe hahitaji sifa za kuazima. Andiko lake la 1936 lilionesha kwamba mashine moja inaweza kufanya kazi ya mashine yoyote nyingine ikipewa maelekezo, na kwamba yapo maswali ambayo hakuna mashine itakayoyajibu. Hilo linamtosha.

3. "Kompyuta ya kwanza duniani"

Kitabu kinaitaja ENIAC, mashine ya Marekani, na mtihani unauliza hivyo. Swali hilo halina jibu mpaka useme ya kwanza katika nini. Z3 ya Konrad Zuse, Berlin, Mei 1941, ilifuata programu iliyotobolewa kwenye mikanda ya filamu za sinema, lakini ilitumia relei (swichi zinazofunguka na kufungwa kwa umeme), si vali. Mashine ya John Atanasoff na mwanafunzi wake Clifford Berry, huko Iowa, ilitumia vali lakini ilifanya kazi moja tu, kutatua milinganyo. Colossus ilikuwa ya vali na iliweza kubadilishwa, ila kwa kazi za misimbo. ENIAC ndiyo iliyounganisha vali na uwezo wa kufanya hesabu za aina yoyote. Mwaka 1973 mahakama ya Marekani ilifuta hataza ya ENIAC, yaani haki ya kisheria ya ubunifu wake, na moja ya sababu ni deni la kifikra kwa Atanasoff. Mtoto akiandika "Z3" kwenye mtihani leo anakosa alama. Hii si haki.

4. Wanawake sita wa ENIAC

Mnawataja John Mauchly na Presper Eckert, vali karibu 18,000 na uzito wa tani 30. Sawa. Nani aliifanya ikokotoe?

Kathleen McNulty, Betty Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hakukuwa na lugha ya programu wala kitabu cha maelekezo. Mwanzoni hawakuruhusiwa hata kuingia chumba cha mashine kwa sababu za usalama, wakapewa michoro ya nyaya wajifunze wenyewe. Kuipa ENIAC kazi maana yake ilikuwa kuvunja hesabu katika hatua ndogo ndogo, kuamua ni kipi kati ya vikusanyi 20, yaani sehemu za kushikia namba, kitashika namba ipi (kila kimoja tarakimu kumi), kisha kuchomeka nyaya na kugeuza swichi kwa mikono ili hatua moja ikimaliza ipige ishara ya kuanza kwa nyingine. Kupanga hesabu moja kuliweza kuchukua siku kadhaa. Matokeo yakitoka mabaya, walifuatilia kosa mpaka kwenye vali moja iliyokufa kati ya hizo elfu kumi na nane.

Februari 1946 ENIAC ilioneshwa hadharani ikikokotoa njia ya kombora kwa muda mfupi kuliko kombora lenyewe linavyokuwa angani. Programu hiyo ilipangwa na Jennings na Snyder. Usiku ule kulikuwa na karamu ya kupongezana. Wanawake hao hawakualikwa. Picha zao zilichapishwa bila majina kwa miaka mingi, na wapo waliodhani ni warembo waliowekwa kupamba mashine. Kitabu chenu kinatumia mojawapo ya picha hizo. Maelezo chini yake: "Kompyuta ya kizazi cha kwanza." Wanawake wawili wanaonekana wazi wakichomeka nyaya.

5. Von Neumann

Kwa kifupi: andiko la Juni 1945 kuhusu kuhifadhi programu ndani ya kumbukumbu lilisambazwa likiwa na jina la John von Neumann peke yake, wakati mawazo mengi yalikuwa yamejadiliwa na timu nzima ya Philadelphia iliyounda ENIAC, Eckert na Mauchly wakiwamo. Ongezeni sentensi moja. Yatosha.

6. Kazi yenyewe haifundishwi

Tarehe 21 Juni 1948, huko Manchester, mashine ndogo ya Frederic Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill iliendesha programu iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake ya kielektroniki, jambo ambalo halijawahi kufanyika kabla. Kumbukumbu ilikuwa na mistari 32, kila mmoja biti 32 (tarakimu za 0 au 1), ikishikwa kama chaji za umeme kwenye kioo cha bomba la aina ya televisheni. Chaji hizo hufifia upesi, kwa hiyo mashine ilizisoma na kuziandika upya bila kupumzika. Kumbukumbu ya simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi nayo huandikwa upya bila kukoma, kwa sababu hiyo hiyo.

Kitabu hakiitaji kabisa. Nasi tunasema hii ndiyo mashine inayofaa kuliko zote kwa shule isiyo na kompyuta, kwa sababu ina amri saba tu na inaweza kuigizwa ubaoni. Haijui kujumlisha. Inajua kutoa, na inapochukua namba huichukua kwa kinyume chake. Chora mistari 32 kwenye karatasi ya manila, kuanzia 0 hadi 31. Weka 7 kwenye mstari wa 20 na 5 kwenye mstari wa 21. Kisha andika:

Mstari 1: chukua kinyume cha 20 (kikusanyi kinakuwa −7)
Mstari 2: toa 21 (kinakuwa −12)
Mstari 3: weka kwenye 22
Mstari 4: chukua kinyume cha 22 (kinakuwa 12)
Mstari 5: weka kwenye 22
Mstari 6: simama

Wanafunzi watatu wanatosha: mmoja ashike kikusanyi, mmoja ahesabu mistari, mmoja asome na kuandika kwenye manila. Kipindi kimoja cha dakika 40 kinamaliza. Yapo mambo mawili yatakayowakwamisha, na mwalimu ayajue mapema. Kwanza, mashine huongeza moja kwenye hesabu ya mistari kabla ya kusoma amri, ndiyo maana programu inaanzia mstari wa 1 na si 0. Kwa sababu hiyo hiyo, ukitaka iruke hadi mstari wa 9, namba unayoihifadhi kwa ajili ya amri ya kuruka ni 8. Pili, amri na namba hukaa kwenye manila moja. Mwanafunzi akikosea akaandika jibu kwenye mstari wa 2, ameifuta amri yake mwenyewe na programu itaharibika inaporudiwa. Mwacheni akosee. Akishaona hivyo, ameelewa maana ya programu iliyohifadhiwa kuliko aya tatu za kitabu.

Darasa likiwa na nguvu, lipewe programu ile ya kwanza yenyewe, iliyokuwa na amri 17: kutafuta kigawo kikubwa kuliko vyote cha namba, ukiacha namba yenyewe. Manchester walitumia 262,144, mashine ikafanya kazi dakika 52 na kutoa jibu, 131,072. Darasani tumieni 12. Jaribu 11: toa mara kwa mara hadi upate hasi, rudisha mara moja, angalia kilichobaki. Kimebaki 1, si sifuri, shuka hadi 10. Ukifika 6 kinabaki sifuri. Simama.

7. Jedwali la vizazi vitano

Jedwali hilo, linalogawa historia ya kompyuta katika vizazi vitano, linadai transista (vifaa vidogo vilivyochukua nafasi ya vali) zilianza kutumika kwenye kompyuta mwaka 1956. Manchester waliwasha kompyuta ya transista Novemba 1953. Kizazi cha tano, mnachokiita cha "akili bandia, sasa na baadaye", jina lake limetokana na mradi wa Japani ulioanza 1982 na kufungwa miaka ya 1990. Watoto wetu wanakariri mpango wa serikali ya nchi nyingine uliokwisha kabla hawajazaliwa.

8. Nyumbani je?

Wizara ya Fedha ya Tanzania ilikuwa na kompyuta tangu miaka ya 1960. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hayo yote hayamo kitabuni, wala hawamo watoboa kadi, waendesha mitambo na waandaaji programu wa wakati huo. Wengi ni wazee sasa, na baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki.

Tunajua mtakayotujibu. Mtasema nafasi haitoshi. Jedwali la vizazi na picha nne za mapambo zinachukua zaidi ya ukurasa mzima, ziondoeni. Mtasema mtihani hauulizi mambo haya, ila watunga mitihani hutunga kutoka kwenye kitabu, kwa hiyo ufunguo mnao ninyi. Mtasema shule hazina vifaa. Manila na kalamu ya wino mzito zipo kila shule. Na wapo watakaosema haya ni mambo ya kale ya Wazungu, mtoto wa Kitanzania yanamhusu nini. Kama hayamhusu, sura nzima iondolewe. Maadamu ipo na inatahiniwa, iwe ya kweli.

Tunaomba yafuatayo:

a) Karatasi ya masahihisho ya ukurasa mmoja itumwe shuleni kabla ya muhula ujao, ikianza na hoja ya 2 na ya 3, maana hizo ndizo zinazowakosesha watoto alama.

b) Maswali ya "nani baba wa" na "ipi ya kwanza" yasitungwe tena bila kutaja ya kwanza katika nini. Kwa mitihani ya majaribio, majibu ya Z3 na Colossus yakubaliwe pale mwanafunzi anapoeleza sababu.

c) Chapa ijayo iwataje kwa majina wanawake sita wa ENIAC, Flowers, Tutte na Wapoland watatu, kila mmoja na kazi yake, na picha ya ENIAC ipewe maelezo yanayostahili.

d) Zoezi la mashine ya Manchester liingizwe. Tuko tayari kuliandika bila malipo, pamoja na majibu ya mwalimu.

e) Wazee waliofanya kazi za kompyuta nchini miaka ya 1960 na 1970 watafutwe, wahojiwe na kurekodiwa. Hili lisisubiri chapa ijayo.

f) Tujibiwe kwa maandishi, hoja kwa hoja. Hoja mtakayoikataa, mtueleze kwa nini.

Nakala ya barua hii tumewakabidhi wakuu wetu wa shule.

Wenu katika kazi,
Walimu wa somo la kompyuta, shule za sekondari